Safari za Miji ya Kale Zianzie Hapa Kwetu

Neno ninalotaka kulisema linahusu safari ya kutazama miji ya kale, Bagamoyo na Unguja, ambayo wanafunzi wa kidato cha tatu huifanya kila mwaka shule inapofunga mwezi wa Desemba. Mimi nilikuwa mmoja wa waliokwenda, tena nilifurahi sana. Kwa hiyo asije mtu akadhani nasema kwa wivu. Wala simlaumu mwalimu ye yote, maana walimu waliotuongoza walikosa usingizi kwa ajili yetu. Lakini mtu akikaa karamuni akaona wenzake wamesimama nje ya mlango, chakula humkwama kooni, hata kikiwa kitamu namna gani.

Maoni yangu ni haya. Safari za namna hii ni elimu kubwa, ila sisi tumezianzia mwisho. Kama zingeanzia hapa kwetu Ufipa, zingekuwa za wanafunzi wote, na wale ambao wangefika pwani baadaye wangefika wakiwa na macho yaliyokwisha kufunguka.

Safari yenyewe ilikuwa hivi. Tuliondoka Matai kabla ya kupambazuka, wanafunzi 31 na walimu watatu. Tulipita Sumbawanga, Laela, Tunduma, Mbeya, Iringa na Morogoro. Kutoka Sumbawanga mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,100, na wengi wetu tulikuwa hatujapata kuvuka Tunduma. Sisi watu wa nyanda za juu tumezoea baridi na upepo. Mwezi wa Juni twalala na blanketi mbili. Basi lilipokuwa likishuka kuelekea Morogoro tulianza kuvua masweta, mmoja baada ya mwingine, na asubuhi tulipoamka pwani jua lilikuwa kali na mbingu haina wingu. Hapo ndipo nilipoiona bahari kwa mara ya kwanza. Niliyaonja maji yake kwa kidole, maana nilitaka kujua mwenyewe kama ni ya chumvi, nisitegemee kitabu tu. Ni ya chumvi kweli.

Bagamoyo tulipewa mtembeza wageni, mzee mwenye sauti ya upole na fimbo mkononi. Alitupeleka kwanza Kaole, kilometa kama tano kusini mwa mji, penye magofu ya misikiti na makaburi yenye nguzo. Msikiti wa kale kuliko yote wasemwa kuwa ni wa karne ya 13. Kisha tukaliona Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1897, na misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu iliyoanzishwa mwaka 1868. Alitueleza habari za wapagazi waliokuja kutoka bara, wengi wao Wanyamwezi, wamebeba pembe za ndovu mabegani. Alisema pia kwamba jina la mji lina maelezo mawili. Wengine husema ni maneno ya mpagazi aliyefika mwisho wa njia, akatua mzigo, akapumzisha moyo. Wengine husema ni maneno ya mtumwa aliyejua kwamba akipanda jahazi hatarudi tena, akauacha moyo wake bara. Neno ni lile lile moja, lakini kwa mmoja ni furaha na kwa mwingine ni kilio.

Tulipofika kwenye mnara wa kanisa la zamani la misheni, mzee yule alituuliza tumetoka wapi. Tukasema, "Matai, Mkoa wa Rukwa, karibu na Ziwa Tanganyika." Akatabasamu, akasema, "Basi, wanangu, habari hii ni yenu pia." Akatusimulia jinsi David Livingstone alivyokufa mwezi wa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho sasa kiko Zambia, jinsi Susi, Chuma na wenzao walivyouzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakauchukua kwa miguu miezi mingi hata wakaufikisha Bagamoyo mwezi wa Februari 1874, nao ukalazwa katika misheni ile kabla ya kuvushwa Unguja na kupelekwa Uingereza. Kisha akasema, "Mtu atokaye Chitambo kwenda Tabora hupita pande za kwenu. Tena Livingstone mwenyewe alipita Ufipa mwaka 1872. Haya, niambieni, wazee wenu wanasemaje juu ya habari za siku zile?"

Hakuna aliyejibu. Tulitazamana, kisha tukatazama chini. Tulikuwa tumesafiri zaidi ya kilometa elfu moja kwenda kuulizwa habari za nyumbani kwetu, na tukashindwa. Naona haya kuyaandika, lakini ndiyo kweli. Mzee hakutucheka. Alisema tu, "Mkirudi, waulizeni," akaendelea mbele na fimbo yake.

Kesho yake tulipanda meli kwenda Unguja, tukapewa siku moja tu kwa Mji Mkongwe. Mji ule umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na mtu akiingia katika vichochoro vyake ataona mara moja sababu yake: milango ya miti iliyochongwa, kuta nene za mawe na chokaa, barabara nyembamba zinazokinga jua. Tuliitazama Ngome Kongwe. Tulilitazama kwa mbali Jumba la Maajabu, alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Mwisho tulikwenda Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873, ambapo sasa pamesimama kanisa kuu la Waanglikana. Nje ya kanisa kuna sanamu za watu waliofungwa minyororo, wamesimama ndani ya shimo, nyuso zao zimetazama mbele. Mimi nilitaka kukaa pale. Nilitaka kufikiri kama kulikuwa na mtu wa kwetu aliyefikishwa pale kutoka ng'ambo ya ziwa au kando ya Rukwa. Lakini tulikuwa na dakika kumi tu. Mtembeza wageni wa siku ile alikuwa akitazama saa, kundi jingine likisubiri nyuma yetu, na mwalimu akatupiga picha kwa simu yake. Baada ya hapo tukaenda kula.

Jioni nilipofungua daftari langu niliona nimeandika majina kumi na manne ya majengo, na chini ya kila jina mstari mmoja au miwili. Ndiyo safari ya makundi ilivyo. Mtu huona mengi, lakini huyaona kama abiria aonavyo vijiji kutoka dirisha la basi.

Sasa niseme juu ya wale waliobaki. Kidato chetu kina wanafunzi 94. Waliokwenda ni 31. Hesabu ni rahisi: wanafunzi 63 hawakwenda, wala si kwa kuwa hawakutaka. Fedha iliyotakiwa ilikuwa shilingi 300,000 kwa kila mwanafunzi, pamoja na nauli, malazi na chakula. Kwa bei tuliyouzia sisi nyumbani msimu ule, hayo ni magunia matano ya mahindi. Baba yangu aliyauza, nami namshukuru sana. Lakini Desemba kwetu ni mwezi wa mvua, mwezi wa kupanda na kununua mbolea. Mzazi mwenye watoto wanne shuleni atafanya nini? Akimpa mmoja magunia matano akaitazame bahari, wengine watatu watakula nini mwezi wa Februari?

Rafiki yangu, ambaye twakaa naye dawati moja, alikuwa miongoni mwa wale 63. Katika somo la Historia yeye hunishinda kila mtihani. Shule ilipofunguliwa Januari alinipokea begi langu mlangoni pa bweni, akaketi kitandani, akaniuliza swali moja: "Uliona nini ambacho hakimo kitabuni?" Nilimweleza juu ya bahari. Nilimweleza juu ya sanamu za Mkunazini. Kisha nikamweleza juu ya swali la yule mzee wa Bagamoyo, na jinsi tulivyonyamaza. Hapo ndipo alipoinua kichwa. Akasema, "Swali hilo ndilo ambalo hata mimi niliyebaki ningeweza kulitafutia jibu."

Maneno hayo hayakuniacha. Likizo ya Juni mwaka huu tulikwenda wote wawili kwa babu yangu, ambaye kijiji chake ni mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Matai. Tulimwuliza habari za Livingstone. Alisema hazijui, alizosikia kwa wazee wake ni habari za misafara, si za Mzungu mmoja. Lakini akasema, "Kama mnataka vitu vya kale, kesho asubuhi nitawapeleka kwenye ilungu."

Wasomaji wengine si wenyeji wa Ufipa, kwa hiyo nitaeleza. Ilungu ni tanuru refu la udongo ambalo wazee wetu walitumia kuyeyushia mawe ya chuma. Mengine yalikuwa na urefu wa karibu mita tatu. Walilipanga ndani mawe ya chuma na makaa, wakatoboa matundu chini na kuweka mabomba ya udongo, na moto ukajivutia hewa wenyewe bila mtu kuvuta mivukuto. Chuma kilichotoka kilisafishwa tena katika tanuru dogo la pili, ndipo mhunzi akafua majembe, mashoka na mikuki. Majembe ya Ufipa yalijulikana mbali. Hayo hatukuyasoma Bagamoyo. Tuliyasikia kutoka kwa babu, mzee mwenye miaka zaidi ya sabini, aliyesimama katikati ya shamba la mahindi yaliyokwisha vunwa, akipiga ukuta wa ilungu kwa kiganja cha mkono kama mtu apigavyo mgongo wa ng'ombe wake.

Ukuta ule umebaki nusu. Upande mmoja umeanguka. Chini tuliokota mavi ya chuma, mazito na meusi, na vipande vya mabomba ya udongo, kisha tukavirudisha mahali pake, maana babu alitukataza kuvichukua. Akasema, "Nilipokuwa mtoto kama ninyi, hapa yalikuwa matatu. Moja liliangushwa na mvua. Jingine watu walilivunja walipokuwa wakipanua shamba. Hili nalo ng'ombe huja kujikuna." Rafiki yangu akauliza, "Babu, mbona hamkuwaambia watu wa shule?" Babu akamjibu, "Watu wa shule hawakupata kuniuliza."

Ndugu wasomaji, safari ile ilikuwa ya watu watatu, na haikugharimu hata senti moja ila chumvi na sukari tulizompelekea bibi. Mtembeza wageni wetu hakutazama saa. Tulikaa pale mpaka jua likawa utosini, na daftari la rafiki yangu lilijaa kurasa tisa juu ya mahali pamoja. Linganisheni na majina yangu kumi na manne.

Nasema haya si kwa kuwa ilungu la babu ni kubwa kuliko Mji Mkongwe. Hasha. Nasema kwa sababu twajidanganya tukidhani kwamba historia iko pwani tu, na kwamba huku kwetu kuna mahindi na ulezi na baridi basi. Wako wataalamu walioacha miji yao wakaja kutazama vitu vyetu. Bertram Mapunda, mwanaakiolojia Mtanzania, alichimba na kupima mabaki ya kazi za chuma huku kusini magharibi mwa nchi, na kwa kazi hiyo akapata shahada ya udaktari huko Marekani mwaka 1995. Nasi twapita karibu na mabaki hayo hayo tukienda kisimani.

Tutazame yaliyopo karibu nasi. Wilaya yetu imepewa jina la Mto Kalambo. Maporomoko yake, yaliyo mpakani mwa Tanzania na Zambia, huanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja, nayo ni miongoni mwa maporomoko marefu kuliko yote katika Afrika. Watu wengi wanayajua hayo. Lakini ni wangapi kati yetu wanaojua habari za kingo za mto ule juu ya maporomoko, upande wa Zambia? Mwaka 1953 mtaalamu Desmond Clark aligundua mahali pale zana za watu wa zamani sana. Na mwaka 2023 wataalamu wengine walitangaza kwamba huko huko yamepatikana magogo mawili yaliyokatwa na kupachikwa moja juu ya jingine kwa mikono ya watu, nayo yana umri wa miaka kama 476,000. Ndiyo kazi ya kuunganisha miti iliyo ya kale kuliko zote zilizopata kuonekana duniani. Wakati huo hata binadamu wa namna yetu alikuwa hajatokea. Msikiti wa Kaole una miaka mia saba na kitu. Magogo ya Kalambo yana miaka karibu nusu milioni, na mto uliyoyahifadhi ni huu wetu.

Kasanga nako, kiasi cha kilometa 60 kutoka hapa Matai, Wajerumani walijenga ngome kando ya ziwa wakaiita Bismarckburg, nayo ilitekwa na majeshi ya Waingereza mwezi wa Juni 1916. Mwanafunzi akisoma habari za Vita Kuu ya Kwanza katika kitabu hudhani ni mambo ya Ulaya. Akisimama Kasanga atajua kwamba vita vile vilifika kwa babu zake, vikawachukua kuwa askari na wachukuzi wa mizigo. Na meli ya Liemba, iliyotumika katika ziwa letu kwa miaka mingi, ilijengwa Ujerumani mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande mpaka Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, kisha ikainuliwa kutoka chini ya ziwa na kutumika tena tangu mwaka 1927. Jina lake, Liemba, ni jina la zamani la upande huu wa kusini wa ziwa. Karibu na Sumbawanga iko Milanzi, makao ya kale ya watawala wa Wafipa. Wazee husimulia jinsi wanawake watatu wageni walivyofika huko mfalme akiwa mawindoni, na jinsi utawala ulivyobadilika kwa sababu ya kigoda kimoja. Na kule bonde la Rukwa walikuwako wafumaji wa nguo za pamba zilizoitwa seketa. Je, haya si mambo ya kutosha kwa safari ya siku mbili au tatu?

Labda msomaji atasema kwamba safari ya karibu si safari. Nitamjibu kwa mfano kutoka ng'ambo. Siku hizi watu wa Ulaya ya kaskazini, kila wakati wa jua, hushuka kwa makundi kwenda Italia, Ugiriki na Hispania kutazama miji ya kale iliyo kando ya Bahari ya Kati. Huongozwa na mtu mmoja, hulala hoteli zilizokwisha lipwa, na kila kitu kimepangwa. Aliyeieneza desturi hiyo ni Mwingereza Thomas Cook, ambaye aliwapeleka watu wake Italia mwaka 1864. Lakini safari yake ya kwanza haikwenda Italia. Tarehe 5 Julai 1841 aliwachukua watu wapatao 500 kwa gari la moshi kutoka Leicester mpaka Loughborough, maili 11 tu, kwa shilingi moja kila mtu, kwenda mkutano wa kupinga ulevi. Wengi wao walikuwa watu wa kawaida, si matajiri. Alianza na maili 11 na watu 500, na Italia ikafuata miaka 23 baadaye. Sisi tumeanza na kilometa 1,100 na watu 31.

Nimewauliza wenye mabasi hapa Matai. Kwa hesabu niliyoifanya na rafiki yangu, mwanafunzi mmoja aweza kwenda Kalambo na Kasanga na kurudi, pamoja na kiingilio na chakula, kwa shilingi 20,000. Yaani fedha iliyonipeleka mimi peke yangu pwani ingewapeleka wanafunzi 15. Fedha yetu sote 31 ingekuwa shilingi 9,300,000, na hiyo ingewatosha wanafunzi 465. Sijui darasa lolote la Hesabu litakalotuambia kwamba twafanya vyema.

Wako pia watakaosema kwamba tusiwanyime vijana bahari. Ni kweli, na mimi ndiye wa kwanza kukubali. Kuiona bahari na kusimama Mkunazini ni mambo ambayo sitayasahau mpaka nitakapokufa. Mtu wa bara anapaswa kujua pwani, maana nchi ni moja, na njia za wapagazi ndizo zilizoiunganisha kabla ya barabara ya lami. Sisemi safari ya pwani ifutwe. Nasema isiwe ya kwanza, wala isiwe ya pekee. Yule mzee wa Bagamoyo alikuwa na swali kwetu. Mgeni mwema huenda na kitu mkononi. Kama tungefika na habari za ilungu, na habari za Kasanga, na habari za misafara kama babu zetu walivyozisikia, tungezungumza naye kama watu wawili wenye kupeana, si kama mitungi mitupu inayongoja kujazwa.

Wengine watasema kwamba mtihani wa kidato cha nne hauulizi habari za babu yangu. Huenda ni kweli. Lakini mtihani huuliza juu ya kazi za chuma kabla ya wakoloni, huuliza juu ya biashara ya misafara, huuliza juu ya vita vya mwaka 1914 mpaka 1918. Mwanafunzi aliyegusa mavi ya chuma kwa mkono wake hatasahau jibu, hata kama jana yake alilala na njaa.

Kwa hiyo natoa mashauri matatu kwa unyenyekevu, walimu na wazazi wayafikiri.

Kwanza, kila mwanafunzi wa kidato cha pili aende Kalambo na Kasanga mara moja, wakati wa kiangazi ambapo barabara ni nzuri na kazi za shamba si nyingi. Asiachwe hata mmoja kwa sababu ya fedha. Shule yetu ina shamba. Ekari moja ya mahindi ikitengwa kwa ajili ya jambo hili, nadhani itatosha kuwalipia wale wasio na uwezo.

Pili, watembeza wageni wetu wawe wazee wa vijiji vyetu. Waalikwe waje shuleni, au sisi twende kwao, na kila mwanafunzi aandike kurasa zake katika daftari, kisha madaftari hayo yatunzwe katika maktaba ya shule. Tusichelewe. Ilungu la babu lina nusu ya ukuta, na babu mwenyewe ana miaka zaidi ya sabini. Bagamoyo na Mji Mkongwe vina walinzi, vibao na vitabu. Tukivikosa mwaka huu tutavikuta mwaka ujao. Vya kwetu havina mlinzi ila ng'ombe wanaojikuna.

Tatu, safari ya pwani iendelee, lakini wanaokwenda waende mji mmoja badala ya miwili au mitatu, wakae siku kamili, tena wachukue na maandishi ya Ufipa wakawasomee wenyeji wao. Na katika kila safari nafasi chache zitengwe kwa wanafunzi waliofanya vizuri katika madaftari yao, hata kama wazazi wao hawana magunia matano ya kuuza. Najua mmoja ambaye angeshika nafasi ya kwanza, na ningefurahi kumpa sweta langu alivue yeye huko Morogoro.

Mwezi wa Novemba, Mungu akipenda, sisi wa kidato cha nne tutafanya mtihani wetu wa mwisho, nasi tutaondoka. Mimi sitafaidika na mashauri haya. Lakini wadogo zetu wapo, na wengine wenu mnaosoma ukurasa huu ni wazazi wao. Likizo hii, kabla hamjaanza kutafuta fedha ya safari ya mbali, mwulizeni babu au bibi aliye nyumbani kile anachokijua kilichosimama shambani au kilicholala chini ya kichaka. Rafiki yangu na mimi tumekwisha andika kurasa za mwanzo. Ziko kwa mwalimu wetu wa Historia, na mtu ye yote anayetaka kuongeza zake aje azione.